Chuma Cha Chongoleani Sicho Cha Lindi

Wadau, hapa Tanga stori ya kijiweni ni moja tu: bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, nani kapata kazi na nani kaachwa. Sasa nawasikia machalii wa kuchomelea wakisema bomba likiisha wanahamia Lindi kwenye gesi, eti chuma ni chuma.

Tusidanganyane. Bomba letu linapashwa joto, zaidi ya nyuzi 50, maana mafuta ya Uganda yana nta na yakipoa yanaganda. Hapo chuma cha kawaida kinatosha. Gesi ya Lindi, ile ambayo serikali ilisaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell Juni 2022, ili ipakiwe melini lazima iwe kimiminika, nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo chuma cha kawaida kinapasuka kama kigae. Na si lazima baridi iwe kali hivyo: Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, Marekani, maji yametulia. Uchomeleaji mbovu ulichangia.

Ndiyo maana mabomba ya baridi kali ni ya stenlesi. Nayo ina vituko vyake. Chukua sumaku ya spika mbovu, ibandike kwenye sinki: katikati inateleza, kwenye kona iliyokunjwa mara nyingine inanata kidogo. Kukunja kumebadili mpangilio wa ndani wa chuma, kikawa kigumu zaidi. Baridi inazidisha mabadiliko hayo.

Kule Ufaransa, kwenye mtambo wa ITER wa kuunganisha viini vya atomu, nyaya za sumaku zimo ndani ya mirija ya stenlesi, zinapozwa kwa heliamu (gesi iliyotangazwa kupatikana Rukwa 2016) hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Stenlesi ukiivuta kwenye baridi hiyo hairefuki taratibu, inashtuka-shtuka kama daladala ya anayejifunza klachi. Joto dogo tu la kuvutika linapandisha nyuzi ghafla. Sehemu inalainika, inateleza, inapoa, inakaza tena.

Na penye udhaifu mara nyingi ni kwenye maungio, yaani kwa fundi. Cheti cha kuchomelea hutolewa kwa kundi la chuma na njia ya kuchomelea. Cha bomba la mafuta hakikuvushi.

Sasa nyie mliopita VETA: nani kashapimwa kwa stenlesi ya baridi, na mtihani alilipa nani?