Aliyebaki na Vyombo Naye Ana Fungu

Leo tusome 1 Samweli 30. Waamaleki wameuchoma Siklagi na kuteka wanawake na watoto. Daudi anawafuatia na watu 600, lakini 200 wanachoka na kubaki kwenye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Baada ya ushindi, baadhi ya waliopigana wanataka wenzao wasipewe nyara. Daudi anakataa: wote wagawane sawasawa. Ikawa sheria katika Israeli.

Neno hili linaigusa misitu yetu. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, na jina la kitaalamu lililopewa, Saintpaulia, ni lake. Fungu la waliokaa na msitu ule liko wapi?

Siku hizi sheria ipo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Tanzania imejiunga nayo, inadai ridhaa kwanza, kisha makubaliano ya kugawana faida. Inawezekana: mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilikubaliana na kampuni ya Novozymes ya Denmark kugawana faida za vijidudu vinavyotafitiwa katika hifadhi zake.

Sasa mfikirie bibi wa Litapunga, mkoani Katavi, anayejua mzizi wa kutuliza tumbo, na mzee anayetunza mbegu ya maharage aliyoachiwa na baba yake. Hao ndio waliobaki na vyombo. Mgeni asiondoke na mzizi na maarifa yake kwa kilo moja ya sukari. Aanzie ofisi ya kijiji, aonyeshe kibali cha COSTECH, na makubaliano yaandikwe.

Utasema, mimea ni ya Mungu, tutoe bure. Sawa, lakini kutoa bure huamua mwenye kutoa, si mwenye kuchukua. Wala mtafiti si adui. Wale 400 walipigana kweli, na wagonjwa wanamhitaji.

Tena kumbuka: waliotaka kuwanyima wenzao hawakuwa Waamaleki. Walikuwa watu wa Daudi mwenyewe, na Biblia inawaita waovu. Basi nawe uliyesoma mjini, ukiuza dawa ya bibi yako kwenye chupa, mpelekee fungu lake.

Jumapili njema.