Mtoto wa Miaka 17 Hahitaji Kuwa Mkurugenzi

Ukiketi leo na wazazi wenye uwezo Nairobi au Dar es Salaam, hutakaa sana kabla ya kusikia habari za shirika la mtoto. Binti ana miaka 17, na tayari ni mwanzilishi na mkurugenzi. Shirika lina nembo, lina ukurasa wa Instagram, lina picha zake akigawa madaftari kwa watoto ambao hatawaona tena. Majibu ya udahili yakitoka tu, shirika linakufa. Lakini mshauri aliyelipwa pesa nzuri ameapa kwamba bila kitu cha kumtofautisha na wenzake, Harvard hawatashughulika naye.

Huu ni upuuzi, tena upuuzi ghali. Kwa wanafunzi waliojiunga mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 ikakubali 1,937. Wazazi wakiona hesabu hiyo hukimbilia kuongeza pambo, wakisahau kwamba maelfu ya wengine wameongeza pambo lilelile. Arusi nzima ikivaa sare, sare haimtambulishi mtu. Sidhani kuna ofisa wa udahili ambaye hajachoshwa na waokozi wa vijiji ambao hawajamaliza hata shule.

Tena mchezo wenyewe una wenyewe. Nyaraka za kesi dhidi ya Harvard, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2023, zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo walioalikwa, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au majina ya orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Mwaka huohuo wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba watoto wa asilimia 1 ya matajiri wa Marekani wana nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma vyuo vya hadhi ya Harvard kuliko watoto wa tabaka la kati wenye alama zilezile za mtihani. Sababu mojawapo ni yale maksi wanayopewa kwa mambo ya nje ya darasa. Kwa hiyo hilo pambo tunalolikopea pesa ndilo hasa linalowapendelea waliotuzidi pesa. Na imani hii ikifikishwa mwisho wake inamzaa Rick Singer, mshauri wa udahili aliyekiri makosa katika kashfa ya mwaka 2019: baadhi ya wateja wake walipiga picha za watoto wao kwenye mashine za mazoezi ya kupiga makasia ili waonekane wanamichezo.

Kinachoniudhi zaidi ni yule msichana anayefungua kibanda cha mama yake alfajiri, akawaogesha wadogo zake, ndipo akaenda shule. Ameaminishwa kwamba hana la kuandika. Fomu ya Common App, inayotumiwa na mamia ya vyuo, ina nafasi 10 za shughuli, na majukumu ya nyumbani yamo humo kama aina kamili ya shughuli, sawa na kazi ya kulipwa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na mradi wa Kitivo cha Elimu cha Harvard yenyewe iliwasihi maofisa wa udahili wauthamini mzigo huo na waache kuhesabu vyeo. Aandike kibanda. Aandike na hasara ya nyanya zilizooza.

Halafu kuna ada, jambo ambalo washauri hulipitia kwa haraka. Vyuo vingi vya Marekani, mwombaji wa kigeni akiomba ufadhili, huupima uwezo wake wa kulipa kabla ya kuamua. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vichache visivyofanya hivyo, na akikubaliwa humzibia pengo lote kati ya gharama na uwezo wake. Mwanafunzi mwenye A tupu anaweza kukataliwa na chuo cha kawaida kwa sababu ya pesa tu. Mshauri anayeanza na orodha hiyo amestahili malipo yake. Anayeanza kwa kuuliza shirika litaitwaje, mpeni nauli arudi kwake.