Kikombe cha Safari



Nina tabia moja ambayo watoto wangu wanaicheka. Wakati wa likizo kubwa, mahali popote ninaposhuka, ninauliza kwanza wapi wanauza chai. Mizigo ingali chini, mimi natafuta kikombe. Chai ya mahali inakuambia mengi: kama kuna ng'ombe, kama sukari ni ghali, kama watu wana nafasi ya kukaa na mgeni.

Safari moja nilienda Kigali kwa barabara. Ukivuka Ruzizi kutoka Bukavu, kabla ya msitu wa Nyungwe, unapita kwenye mashamba ya chai ya Shagasha na Gisakura. Tuliposimama kula, walituletea thermosi ya chai iliyopikwa pamoja na maziwa, si maji ya moto na maziwa ya unga kama tunavyofanya wengi wetu. Niliingia jikoni kumuuliza mama mpishi. Alinionyesha: maji kidogo, tangawizi iliyopondwa, majani ya chai, vichemke vizuri, ndipo maziwa, na sukari mwishoni. Nyumbani kwangu sasa siku ya Mungu tunakunywa hiyo.

Safari nyingine ilinifikisha Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barazani. Nilipewa kahawa kwa desturi ya watu wa pwani: kikombe kidogo kama cha mtoto, nyeusi, chungu, bila sukari, na kipande cha kashata pembeni. Mara ya kwanza nilikunja uso. Mara ya tatu nilielewa kwamba utamu unakaa kwenye kashata, na kahawa inaachwa iwe kahawa.

Lakini kikombe ambacho sitakisahau nilikinywa karibu sana na kwetu, Idjwi. Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa shangazi yake wakati wa mavuno. Uani palijaa kahawa ikianikwa, na wamama wamekaa wakichambua punje mbovu kwa mkono. Mimi, kwa tabia yangu, nikaomba kikombe cha kahawa. Wakatazamana. Kisha wakaniletea chai ya majani ya dukani.

Shangazi alinieleza bila aibu: kahawa ni ya kuuza. Alikuwa ameichuma tangu akiwa msichana, na hakuwahi kuionja. Mume wake alikuwa akiivusha usiku kwa mtumbwi mpaka Rwanda, kwa sababu huko bei ilikuwa nzuri zaidi. Usiku mmoja upepo ulichafua ziwa, na hakurudi. Kisiwani humo wajane wa namna hiyo ni wengi. Kahawa ilimchukulia mume, naye hakuijua hata ladha yake.

Jioni ile tulikaanga bakuli moja ya punje zilizokobolewa, kwenye sufuria juu ya mbabula. Tukatwanga, tukachemsha, tukachuja kwa kitambaa safi. Shangazi alikunywa, akanyamaza, akasema: “Kumbe ndiyo hii.” Akaomba sukari, wote tukacheka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaenda kuleta zile punje mbovu zilizotupwa pembeni, akataka tuzikaange pia. Tulipoonja, harufu yake ilikuwa kama ya gunia lililolowa. Akasema sasa anajua kwa nini mnunuzi anazikataa.

Tangu siku ile naona kuonja si anasa. Wanunuzi wa ng'ambo wanaonja kahawa kabla ya kukubali bei. Wanaipa alama juu ya 100, na ile inayofikia 80 inahesabiwa kuwa ya daraja la juu. Sasa, kama mnunuzi ameonja na wewe uliyelima hujaonja, mnazungumzia bei gani? Yeye anajua anachonunua. Wewe hujui unachouza.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa vikundi vyetu. Mkutano ujao, mama mwenye kahawa shambani alete kikombe kimoja cha punje kavu zilizokobolewa. Kaangeni kwa moto mdogo, mkikoroga bila kuacha, mpaka zipate rangi ya udongo mwekundu uliokolea. Zikiwa nyeusi kama makala zimeungua. Ziacheni zipoe, twangeni, chemsheni. Onjeni kwanza bila sukari, kila mmoja aseme anasikia nini mdomoni. Kisha wekeni sukari kama mnapenda, hakuna dhambi.

Neno moja la mwalimu kabla sijafunga: chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula, kwa sababu zinauzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika sombe na maharagi. Ngojeni kama saa moja. Wenye mimba wapunguze kahawa, na watoto wadogo wapewe maziwa au uji.

Mwaka jana shangazi alinitumia salamu na mfuko mdogo wa kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Siku hizi mgeni akifika kwake, haleti tena majani ya dukani.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.