Mchezo wa Kale na Mhariri Wake

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Watengenezaji wa michezo ya tarakilishi wamelishika neno hili kwa miaka mingi. Mchezo hutolewa, ukauzwa, kisha tarakilishi zikabadilika nao ukaachwa nyuma kama jahazi lililopwelewa. Mwaka wa 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani, likishirikiana na Software Preservation Network, lilichapisha utafiti uliobainisha kwamba takribani asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka wa 2010 haiuzwi tena.

Msomaji wa jarida hili huenda akauliza: yanatuhusu nini haya sisi wa tungo na miswada? Naona yanatuhusu, maana tatizo lenyewe twalijua. Ni matini iliyoandikwa kwa hati ambayo kizazi kipya hakiwezi kuisoma.

Mchezo ulioandikiwa MS-DOS uliyaamuru maunzi ya mashine moja kwa moja. Michezo mingine ilipima mwendo wake kwa kasi ya kichakataji chenyewe. Iendeshe kwa mashine ya leo, na mhusika atavuka kiwambo kizima kabla hujagusa kibonye. Windows ya biti 64 nayo haizikubali kabisa programu za biti 16. Ndipo walipoingia watu wa kujitolea. Programu ya DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2002, huigiza tarakilishi nzima ya zamani ndani ya ile mpya, mchezo ukahadaika ukadhani uko nyumbani. ScummVM, iliyoanza mwaka wa 2001, hufuata njia nyingine: huiandika upya mitambo ya ndani ya mchezo, huku ikiziacha picha, sauti na maneno yake vile vile. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipofungua duka la Good Old Games mwaka wa 2008, mingi ya michezo iliyouzwa humo ilisimama juu ya jasho la watu hao.

Wakati mwingine kizuizi si mashine bali ni mirathi. Kampuni ya Looking Glass ilifungwa mwaka wa 2000, na haki za mchezo wake mashuhuri, System Shock 2 wa mwaka wa 1999, zikaishia mikononi mwa kampuni ya bima. (Kazi ya sanaa kulala katika majalada ya bima, bega kwa bega na madai ya magari yaliyogongana!) Stephen Kick, msanii wa michezo, alikuwa safarini Guatemala alipotamani kuucheza asiweze. Akawaendea wenye bima, wakaelewana, na Februari 2013 mchezo ukarudi sokoni. Kampuni aliyoianzisha, Nightdive, imeifufua michezo mingine mingi tangu hapo.

Hadi hapa sina ila shukrani. Lakini anayeutoa mchezo upya ni mhariri, na mhariri ana miiko yake. Tunayasoma mashairi ya Muyaka bin Haji kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na W. Hichens akayachapisha mwaka wa 1940. M. H. Abdulaziz alipoyashughulikia tena katika kitabu chake cha mwaka wa 1979, hakulazimika kumtegemea Hichens peke yake. Miswada ya Taylor ilikuwa ingaliko London. Hebu tufikirie kwamba Hichens, baada ya kuchapisha kitabu chake, angaliitia moto miswada ile. Nani angalimshukuru?

Kisa cha Blade Runner kinakaribia hayo. Mchezo huu wa kampuni ya Westwood ulitolewa mwaka wa 1997, na msimbo wake wa asili ukapotea. Wanaharakati wa ScummVM waliuchambua kwa miaka hadi ukaweza kuchezeka tena, na Desemba 2019 ukaanza kuuzwa katika duka lile la Poland. Juni 2022 Nightdive ikatoa toleo “lililoboreshwa”, na lile la kale likaacha kuuzwa peke yake. Wachezaji walilalamika kwamba picha zimesuguliwa hadi zikapoteza sura yake. Kelele zilipozidi, toleo la awali likarudishwa. Mwaka wa 2020, Warcraft III: Reforged ulikuwa umekwisha kuonyesha ubaya zaidi: hata waliokuwa wameununua mchezo wa mwaka wa 2002 walilazimika kupakua programu mpya ili waendelee kucheza mtandaoni.

Wapo watakaosema kwamba mali ni ya mwenyewe, naye ana hiari ya kuipaka rangi aipendayo. Hoja hii ina uzito kisheria. Hata hivyo, mwenye haki anayelifuta toleo la zamani hauzi tu bidhaa mpya; anaamua kwamba mtafiti wa kesho asiwe na la kulinganisha. Ningeridhika na mambo mawili: toleo la kale liendelee kupatikana kando ya jipya, na aliyebadilisha aseme alichobadilisha, kama afanyavyo mhariri mwaminifu katika utangulizi wake. Maktaba nazo zingepaswa kusaidia, lakini Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu kuwafungulia watafiti walio mbali michezo ya kale isiyouzwa tena. Mtafiti aliye Eldoret au Maseno, basi, apande ndege?

Jordan Mechner aliutunga Prince of Persia kwa tarakilishi ya Apple II, ukatoka mwaka wa 1989. Msimbo wake alidhani umepotea, hadi mwaka wa 2012 baba yake alipokuta disketi za zamani kabatini. Mechner aliita wajuzi wa mashine hizo, wakazisoma disketi, naye akauweka msimbo hadharani aupendaye auchambue. Mbio za mwanamfalme yule ni mbio za mdogo wake Mechner, aliyempiga picha za video akikimbia na kuruka. Sisi tulioucheza utotoni kwa disketi za kuazimana hatukulijua hilo. Leo mwanafunzi anaweza kuufuata msimbo ule mstari kwa mstari na kuona jinsi hatua za kijana yule zilivyogeuzwa tarakimu.