Taa za Nyumbani Zisitoe Siri Zako

Ukipita Kimana siku ya soko, utaona nyanya na vitunguu vikipakiwa kwa lori na malipo yakiingia kwa simu. Jioni, simu hiyo hiyo ndiyo inaendesha nyumba: inalipia sola, inaonyesha kamera ya getini, inazima pampu ya shamba hata ukiwa Kitengela. Tunafurahia hayo, ni kazi yetu. Lakini kuna jambo wateja hawaambiwi vya kutosha.

Kifaa kinachoongozwa na simu pia kinatoa habari zako. Tangu M-KOPA ianze kuuza sola za kulipa pole pole hapa Kenya mwaka 2012, nyumba nyingi zimekuwa na kifaa chenye laini ya simu ndani yake. Ukilipa, kampuni inajua, taa zinawaka. Hapo hakuna ubaya. Shida ni habari kama hizo zikifika kwa mtu mwingine: atajua lini mko nyumbani, lini kuna giza, lini pesa imeisha. Kwa mwizi, hiyo ni ramani.

Na mara nyingi mlango tunaufungua wenyewe. Fundi anafunga kamera, anaweka neno la siri kwa simu yake, anaenda nalo. Simu inauzwa na programu ya nyumba bado iko wazi. Pini ya pesa na ya kamera ni moja, na mtoto wa jirani anaijua.

Basi fundi akimaliza, badilisha neno la siri kabla hajapanda boda. Pini ya pesa usiitumie mahali pengine popote. Ukiuza simu, toka kwenye programu kwanza, kisha ufute kila kitu.

Hata hivyo, mzigo usiwe wa mteja peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni ina habari gani kukuhusu na inazifanyia nini. Zikiwa za uongo, zirekebishwe au zifutwe. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye anatakiwa kuyamaliza kwa siku 90.

Hata sisi tuulize. Kampuni inayopokea pesa yako haina haja ya kujua unalala saa ngapi. Ikitaka kujua, iseme ni ya nini.