Zima GPS kabla ya kumpiga kifaru picha

Jamani, nimepotea siku nyingi! Kazi ya kuandika programu haina Jumapili. Wiki jana niliitoroka tarakilishi nikaenda Ol Pejeta, Laikipia, kutazama wanyama usiku. Kwenye mbuga za taifa kwa kawaida watalii hawazunguki usiku, lakini hifadhi za kibinafsi kama hii huruhusu.

Macho ya fisi yaling'aa gizani kama makaa. Nyuma ya jicho lake mna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana anaona usiku. Dereva alitumia taa nyekundu ili tusimsumbue.

Kisha akatokea kifaru. Sote tukatoa simu.

Nyumbani nikaifungua picha yangu: mahali na saa, vyote vimo ndani ya faili! Baadhi ya mitandao huvifuta, lakini ukiituma kwa barua pepe kama ilivyo, vinabaki. Mwindaji haramu atake nini tena?

Utasema picha moja si kitu. Haba na haba hujaza kibaba. Nadhani kila dereva aseme kabla ya kung'oa nanga: zimeni flashi, zimeni GPS ya kamera. Au mwaonaje?