MAONI YETU: MWAJIRI YUKO WAPI KATIKA BIMA YA AFYA?



Tangu Oktoba 2024 kila mtu wa mshahara katika Kenya hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila mia ya mshahara wake kwa Bima ya Afya ya Jamii. Haulizwi kama apenda au hapendi, ni sheria ya mwaka 2023. Ile bima ya zamani, N.H.I.F. ya 1966, imekwisha.

Wako wenzetu wasemao tukatae kabisa. Sisi hatusemi hivyo. Mwenye shilingi 15,000 zamani alitoa 600. Sasa atoa 412 na senti 50. Bwana mkubwa wa nusu milioni alitoa 1,700 tu. Sasa atoa 13,750. Hapo hatuna ugomvi. Lakini fundi wa 60,000 amepanda kutoka 1,300 hadi 1,650, na nyumbani kwake unga haukushuka bei.

Twauliza neno moja: mwajiri yuko wapi? Katika akiba ya uzeeni, N.S.S.F., mfanyakazi akitoa, mwajiri hutoa sawa naye. Katika makato ya nyumba, sisi shilingi 1 na senti 50 kwa mia, naye vivyo hivyo. Katika afya hatoi hata senti moja! Mtu akikesha na genge la reli kwenye mvua akapata homa ya mapafu, je, homa hiyo ni yake peke yake?

Kazi ya mwajiri ni kukata na kupeleka fedha kufikia tarehe 9. Hata hiyo wengine hawaifanyi. Mwenzetu mmoja, kibarua wa kontrakta, alimpeleka mkewe kujifungua. Dirishani akaambiwa michango yake haijafika. Akatoa hati ya mshahara mfukoni: amekatwa kila mwezi. Karani akamwambia, "Ndugu yangu, karatasi hii si fedha." Ikabidi tuchange sisi majirani ili mama na mtoto watoke. Karani hatumlaumu.

Basi katika mapatano yajayo Chama kitaleta mezani mambo mawili. Mwajiri atoe fungu sawa na letu. Naye akichelewesha michango, hesabu ya hospitali ailipe yeye.

Maneno matupu hayatatusaidia huko, twataka karatasi. Kila mwanachama alete kwa katibu wa tawi hati zake za mshahara za miezi sita, kabla ya mwisho wa mwezi. Wa zamu ya usiku amwachie mwenzake wa mchana.